Tulipompa Mgeni Kesi ya Nyumbani: Tathmini ya Huduma ya Usuluhishi wa Kifamilia

Huduma ninayoitathmini ni ya usuluhishi wa migogoro ya kifamilia, ambayo mimi na ndugu zangu watatu tuliitumia kwa vikao vinne baada ya kushindwa kabisa kuelewana wenyewe kuhusu fedha za matibabu ya mama yetu. Sitaitaja ofisi iliyotuhudumia, kwa kuwa nina mambo ya kuisifu na mengine ya kuilaumu, na kwa kuwa usiri ni sharti ambalo sote tulilitilia saini siku ya kwanza. Ndugu zangu wameniruhusu kueleza mwendo wa kazi pamoja na yale yaliyonipata mimi mwenyewe, nami nitaishia hapo.

Mgogoro wenyewe ulikuwa hivi. Tulikuwa na mfuko ambao kila mmoja wetu aliuchangia kila mwezi kwa ajili ya dawa na vipimo vya mama. Miaka mitatu iliyopita shemeji yetu, mume wa mdogo wetu wa kike, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa mweka hazina, alichukua sehemu ya fedha hizo bila kumwambia mtu, akatengenezea gari lake, kisha akazirudisha zote baada ya miezi miwili. Tulisema ni wizi, tukamwondoa katika nafasi hiyo, na kwa muda mrefu salamu zetu kwake zikawa za midomoni tu. Mwaka jana dada yetu mkubwa, aliyepewa kazi hiyo baada yake, alichukua kiasi kikubwa zaidi kumlipia binti yake karo, naye pia hakumwambia mtu, na tulipogundua alikuwa amerudisha nusu tu. Mimi, ambaye nililelewa mgongoni mwa dada huyo, nilisema kwamba "amesogeza fedha kidogo." Neno hilo nililitamka mbele ya mdogo wangu, mke wa yule shemeji, na kuanzia siku hiyo hatukuweza tena kukaa chumba kimoja bila mtu kuinuka na kutoka.

Wahenga walisema ukipenda, chongo huita kengeza, na nimeishi miaka yangu yote nikiisikia methali hiyo bila kuona ukali wake. Nilidhani inasema kwamba mapenzi hupunguza adhabu, yaani tunaliona kosa kama lilivyo kisha tunaamua kusamehe. Inasema jambo zito zaidi ya hilo. Mwenye chongo amepoteza jicho na mwenye kengeza bado anayo yote mawili. Hizo ni hali mbili tofauti, na anayependa hajaiona ya kwanza akaisamehe, bali ameona ya pili tangu mwanzo. Upendeleo unaanza pale jambo linapopewa jina, kabla ya hukumu yoyote kutolewa, na ndiyo maana anayependelea huapa kwa moyo safi kwamba hapendelei. Mimi niliapa hivyo mara kadhaa, na sikuwa nasema uongo.

Sasa nije kwenye huduma. Kabla ya kikao cha kwanza kila mmoja wetu alipigiwa simu peke yake na kuulizwa maswali ambayo mwanzoni niliyaona ya ajabu: nani kati yetu anamdai nani, nani huongea na nani mara nyingi zaidi, nani alimlea nani, na kama kuna yeyote kati yetu anayemfahamu mtumishi yeyote wa ofisi hiyo. Swali la mwisho lilizaa matunda. Ilibainika kwamba msuluhishi tuliyepangiwa aliwahi kusoma darasa moja na dada yangu zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na ingawa hawakuwa marafiki wala hawakuwahi kuwasiliana tangu hapo, alijitoa siku hiyohiyo, na nafasi yake ikachukuliwa na bwana mmoja wa makamo ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumwona.

Kaka yetu alilalamika kwamba huko ni kupoteza muda, lakini mimi nalihesabu jambo hilo kuwa bora kuliko yote tuliyotendewa. Tuna msemo wa kumpelekea ngedere kesi ya nyani, na huwa tunautumia tukidhani kwamba ubaya uko katika hukumu ambayo ngedere ataitoa. Hata hivyo, ngedere akihukumu kwa haki tupu, aliyeshindwa atawezaje kumwamini? Hilo ndilo lililotokea nchini Uingereza mwaka 1998 katika kesi ya Augusto Pinochet, aliyekuwa mtawala wa kijeshi wa Chile. Tarehe 25 Novemba majaji watano wa mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo wakati huo waliamua, kwa kura tatu dhidi ya mbili, kwamba Pinochet hakuwa na kinga dhidi ya kushitakiwa. Baadaye ikajulikana kwamba mmoja wa wale watatu, Lord Hoffmann, alikuwa mkurugenzi wa taasisi ya hisani iliyofungamana na Amnesty International, shirika la kutetea haki za binadamu ambalo lilikuwa limeruhusiwa kutoa hoja katika kesi hiyohiyo, na hakuwa amewaeleza wahusika jambo hilo. Hakuna aliyethibitisha kwamba alipendelea, wala majaji waliolipitia suala hilo hawakusema hivyo. Hata hivyo, tarehe 17 Desemba uamuzi wote ulifutwa, kesi ikasikilizwa upya na majaji saba wengine, na Machi 1999 hao nao wakamnyima kinga, japo kwa wigo mwembamba zaidi. Gharama na muda uliotumika kufika karibu palepale ni mkubwa, na bado naamini ulistahili, kwa sababu dada yangu angeshinda mbele ya mtu aliyesoma naye, mdogo wangu asingeyakubali matokeo hata kama yangekuwa ya haki kuliko tuliyoyapata.

Kikao cha kwanza kilikuwa cha kuandika. Msuluhishi alimpa kila mmoja wetu karatasi mbili na kutuomba tueleze matukio yote mawili, kila moja kwenye karatasi yake, bila kutaja jina, bila neno lolote la udugu, bila umri, bila kiasi cha fedha na bila kusema fedha zilinunua nini. Mtenda aitwe "mtu mmoja" na tuseme tu alichofanya na alichorudisha. Kiswahili kinalibeba zoezi hili vizuri kuliko lugha kama Kiingereza, kwa sababu kiambishi cha "a-" hakisemi kama aliyetenda ni mwanamume au mwanamke, na ukishaliondoa jina na ukaondoa dada, kaka na shemeji, anayebaki mbele yako ni mtenda na kitendo chake. Kisha karatasi zilichanganywa, na kila mtu akapewa za mwenzake azisome kwa sauti.

Karatasi zangu zilimwangukia mdogo wangu. Ya kwanza ilisema kwamba mtu mmoja aliiba sehemu ya akiba ya wenzake na kuirudisha yote baada ya kubanwa. Ya pili ilisema kwamba mtu mmoja alilazimika kuchukua sehemu ya akiba ya wenzake na anaendelea kuirudisha. Alizisoma zote mbili kwa sauti ileile, taratibu, akaziweka mezani zikiwa zimelingana pembe, na hakusema neno. Ukweli ni kwamba shemeji hakubanwa na mtu yeyote; alizirudisha mwenyewe kabla hatujajua, na tulijua kwa sababu alituambia. Jambo hilo nilikuwa nalifahamu. Nililiandika kinyume mchana kweupe, mbele ya mtu ninayempenda, bila kutambua kwamba nimeandika uongo, na kama huduma hii isingenipa kitu kingine chochote, ningetosheka na dakika hiyo.

Zoezi hilo lilifichua pia jambo ambalo sikulitarajia. Kaka yetu aliandika kinyume changu: karatasi iliyomhusu dada ilijaa maneno ya usaliti na hila, ilhali ya shemeji ilikuwa kavu kama risiti. Yeye ndiye aliyekuwa akitaka dada ashitakiwe mahakamani. Msuluhishi alipomuuliza kwa upole mbona kosa moja limevaa nguo mbili, alijibu kwamba kutoka kwa shemeji hakutarajia mengi, na kutoka kwa dada alitarajia kila kitu. Watu wengi, nikiwemo mimi, hudhani ukaribu hulainisha hukumu peke yake. Kwa kaka ulikuwa umeifanya kuwa ngumu mara mbili, kwa sababu aliyekosa ni mtu aliyebeba heshima yake pia, na nadhani kwa sababu ya pili: alitaka mdogo wetu aone kwamba hana upande. Mzazi anayemchapa wa kwake kwanza ili majirani wasiseme anapendelea hajatoka nje ya upendeleo. Bado anahukumu akiwa na jicho moja kwa mtoto na jingine kwa watu.

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jambo hili kwa njia zao. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba watu huelekea kumlinda mtu wa karibu aliyetenda kosa kuliko mtu wasiyemjua, na pengo hilo huzidi kosa linapokuwa kubwa, kinyume na tunavyojiambia kwamba tunawasitiri ndugu kwa madogo tu. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba mtu akijifikiria kana kwamba anamtazama mtu mwingine, akijiita kwa jina badala ya kusema "mimi," uamuzi wake husogea kuelekea haki. Nilipolisoma hilo baadaye nililitambua zoezi letu la karatasi ndani yake.

Kikao cha pili kilikuwa cha faragha, kila mmoja na msuluhishi peke yake, na sina mengi ya kukisema zaidi ya kwamba hakuna siri iliyovuja. Ada tuligawana sawasawa watu wanne kwa sharti la ofisi yenyewe, ambayo haikubali mtu mmoja alipe hata akijitolea, na naona sababu yake ni wazi. Ratiba ilikuwa dhaifu: tulisubiri wiki tatu kati ya kikao cha pili na cha tatu kwa sababu ujumbe wetu haukujibiwa kwa wakati, na katika mgogoro wa ndugu wiki tatu za kimya zinatosha kuharibu kilichojengwa.

Lawama yangu kubwa ni kuhusu kikao cha tatu. Hapo tulitakiwa kuamua nini kifanyike, na msuluhishi aliendelea na kanuni zilezile za kikao cha kwanza, majina yakiwa bado yamezuiwa na udugu umewekwa nje ya mlango. Nilipotaka kusema kwamba dada ndiye aliyemhudumia mama kwa miaka tisa, akiamka usiku kumgeuza kitandani wakati sisi wengine tunatuma fedha na kulala, nilikatizwa kwa maneno mazuri kwamba hilo halimo ndani ya swali. Mdogo wangu alipotaka kueleza jinsi mumewe alivyoishi miaka mitatu akikaa kimya kwenye kila mkusanyiko wetu, naye alikatizwa. Dada alilia. Msuluhishi alisubiri kwa heshima, akampa maji, kisha akarudi kwenye ajenda.

Naelewa msimamo anaousimamia, kwa maana una historia ndefu na watetezi wenye akili. William Godwin, mwanafalsafa wa Uingereza, aliutetea mwaka 1793 bila kuuficha: nyumba ikiungua na uwezo wa kuokoa ni wa mtu mmoja tu kati ya askofu mkuu ambaye maandishi yake yatanufaisha maelfu na mtumishi wake wa kike, okoa askofu, hata kama mtumishi huyo ni mkeo au mama yako. Alihoji neno "yangu" lina nguvu gani hata lipindue haki isiyo na upande. Katika chapa za baadaye alimwondoa mama akaweka baba na ndugu wa kiume, na mimi nalichukulia hilo kama ishara kwamba hata yeye au wasomaji wake walihisi mfano wa kwanza umegusa mahali ambapo hoja haifiki. Karibu karne mbili baadaye, mwanafalsafa mwingine wa Uingereza, Bernard Williams, alimjibu mtu wa namna hiyo kwa maneno ambayo sijayasahau tangu nilipokutana nayo: mume anayemwona mkewe anazama, kisha akaanza kujiuliza kama kanuni ya maadili inamruhusu kumwokoa yeye kabla ya mgeni, amewaza wazo moja zaidi ya yanayotakiwa.

Nadhani wote wawili wana sehemu yao katika chumba kile, lakini kila mmoja kwa saa yake. Tulipokuwa tukitafuta jina la kitendo tulimhitaji mtu asiyetujua, na udugu ulitakiwa ukae nje. Tulipofika kwenye swali la nini kifanyike, udugu ukawa sehemu ya ushahidi. Miaka tisa ya kumgeuza mama haibadilishi kuchukua kuwa kusogeza; dada alichukua fedha za wenzake bila idhini, sawa na shemeji, na neno lililomwangukia mmoja lilitakiwa limwangukie na mwingine. Lakini miaka hiyo inaeleza deni ambalo sisi tulikuwa nalo kwake na ambalo halikuandikwa popote, na hukumu inayolihesabu deni lake kwetu na kuliacha letu kwake imepima kwa mizani yenye sahani moja. Yule bwana hakuweza kulijua hilo. Sisi tulilijua, na tulikuwa tumekatazwa kulisema.

Kuna kisa cha kweli ambacho nilikifikiria sana baada ya kikao hicho. Septemba 1995 gazeti la Washington Post lilichapisha andiko refu la mtu aliyekuwa akituma mabomu kwa njia ya posta na mengine kuyatega nchini Marekani tangu mwaka 1978, mabomu yaliyoua watu watatu na kujeruhi wengine 23. Aliyeshuku wa kwanza ndani ya familia hakuwa ndugu yake. Alikuwa Linda Patrik, mke wa David Kaczynski, mwanamke ambaye hakuwa na ukaribu wowote na shemeji yake Ted, kaka yake David na mwenye mabomu hayo. David hakutaka kuamini. Aliposoma andiko hilo na kulilinganisha na barua ambazo kaka yake alikuwa amemwandikia kwa miaka mingi, aliitambua sauti ile kwa namna ambayo hakuna mpelelezi angeweza, na taarifa zake ndizo zilizofanya Ted akamatwe Aprili 1996. Kisha David huyohuyo akapambana kaka yake asiuawe, na mwaka 1998 Ted akakiri makosa na kuhukumiwa kifungo cha maisha. Jicho la aliye mbali lilithubutu kuliita jambo jina lake, jicho la aliye karibu likathibitisha, na ukaribu uleule ukakataa adhabu ya kifo. Sioni mahali ambapo David alipaswa kuambiwa kwamba udugu wake haumo ndani ya swali.

Mwisho wa kikao cha tatu nilimwandikia msuluhishi barua fupi nikieleza hayo, na kwa haki yake lazima niseme kwamba alisikiliza. Kikao cha nne alikifungua kwa kutuomba kila mmoja aseme kwa dakika kumi anachomdai na anachodaiwa na kila mmoja wa wenzake, kikiwemo kile kisichohesabika kwa fedha. Ilikuwa saa nzima, na katika saa hiyo tulifanya kazi kubwa kuliko katika vikao viwili vilivyotangulia. Dada alitamka mwenyewe kwamba alichukua, kwa neno hilo. Alikubali kurudisha nusu iliyobaki kwa awamu. Sisi wengine tulikubali kulipia msaidizi wa kumhudumia mama siku tatu kwa wiki, jambo ambalo lilipaswa kufanyika miaka mingi iliyopita. Mfuko sasa hautolewi fedha bila saini mbili. Makubaliano yaliandikwa kwa kurasa tatu zilizojaa lugha ya kisheria ambayo mama asingeielewa, na ningependa ofisi hiyo itoe pia nakala ya maneno ya kawaida.

Ninawapendekeza kwa ndugu ambao bado wana nia ya kuzungumza na ambao wamegundua, au wanashuku, kwamba kila mmoja wao anaita kitu kimoja kwa jina tofauti kulingana na aliyekitenda. Ningewashauri waombe tangu mwanzo, kwa maandishi, kikao kimoja ambacho udugu utaruhusiwa kusema. Siwapendekezi kwa familia ambayo mmoja anamwogopa mwingine, hasa kama kuna vipigo au vitisho. Usuluhishi unahitaji watu wanaoweza kukataa, na mwenye hofu hukubali kila kitu ili kikao kiishe. Walio katika hali hiyo waende kwa wenye mamlaka ya kuwalinda.

Shemeji hakuwa mhusika rasmi, hivyo hakuhudhuria kikao hata kimoja. Wiki moja baada ya kutia saini nilikwenda kwake nikiwa na ile karatasi yangu ya kwanza, nikaisoma mbele yake na ya mkewe, nikafuta neno "aliiba," nikaandika "alichukua," na mahali palipoandikwa "baada ya kubanwa" nikaandika "kwa hiari yake." Aliiomba karatasi hiyo, nami nikamwachia.